Barua ya wazi kwa mawaziri wetu wa mambo ya nje: faili la Sahara Magharibi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Mambo ya Nje wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki,

Nakala kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwananchi wa kawaida. Diplomasia sikuisomea. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kata, nikisikiliza majirani waliogombea mipaka ya mashamba, na huko nilijifunza kwamba mvamizi mwerevu hatembei na panga. Anatembea na miche. Anapanda miembe na minazi, anachimba choo, akifiwa anazika palepale. Mwenye shamba akija juu, yeye ndiye wa kwanza kusema yuko tayari kwa mazungumzo. Anaomba shauri liahirishwe. Anaomba mashahidi zaidi. Anaomba wazee waende wakakague eneo, na wazee wakifika anawaangulia madafu ya minazi yake. Kila shauri likiahirishwa, mwembe unarefuka kidogo. Ikitimia miaka 12 anasimama na kutukumbusha, kwa adabu zote, sheria ya ukomo inasemaje.

Shauri la Sahara Magharibi, lile eneo la jangwa la pwani kusini mwa Moroko ambalo Moroko inasema ni lake, limepita miaka 50. Nimelisoma kwa jicho hilo la barazani, na naomba mnivumilie nikiwaeleza nilichokiona.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kura ya tarehe 31 Oktoba 2025. Siku hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2797 kwa kura 11. Urusi, China na Pakistan zilijizuia, na Aljeria haikushiriki kabisa kupiga kura. Azimio liliongezea mwaka mmoja ujumbe wa kulinda amani uitwao MINURSO, halafu likauweka mpango wa Moroko wa mwaka 2007, ule wa utawala wa ndani chini ya bendera ya Moroko, kuwa msingi wa mazungumzo. Haki ya Wasaharawi, watu wa eneo hilo, ya kujiamulia imetajwa humo, ila imetajwa kama mgeni anavyotajwa kwenye harusi: yupo, anatambuliwa, lakini sherehe si yake. Rabat walishangilia, na mfalme akaitangaza tarehe hiyo kuwa sikukuu ya taifa. Nchi za Afrika zilizokuwa mezani zilikuwa tatu: Aljeria, Sierra Leone na Somalia. Mbili za mwisho zilisema ndiyo. Somalia ni mwenzetu katika Jumuiya, tunakaa naye Arusha meza moja. Sikusikia kwamba suala hili lilijadiliwa kwenye meza hiyo.

Sasa turudi kwenye mpaka wenyewe.

Sahara Magharibi ilikuwa koloni la Hispania tangu mwaka 1884. Hispania ilipokuwa ikijiandaa kuondoka, Moroko na Mauritania zilidai eneo ni lao kwa asili. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaomba maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Majaji walitoa maoni yao tarehe 16 Oktoba 1975. Walikubali kwamba baadhi ya makabila ya Sahara yalikuwa na kiapo cha utii kwa Sultani wa Moroko. Lakini walisema pia kwamba hawakuona uhusiano wa mamlaka ya nchi ambao ungeweza kuzuia watu wa eneo hilo kujiamulia wenyewe.

Siku hiyohiyo Mfalme Hassan II wa Moroko alizungumza na watu wake. Aliishika ile sehemu ya kiapo cha utii, akaiacha ile nyingine, akatangaza maandamano. Tarehe 6 Novemba raia wapatao 350,000, mikononi wameshika Misahafu na bendera, walianza kuvuka mpaka. Baraza la Usalama lilikutana siku ileile, likalaumu, likataka waondolewe. Siku nane baadaye Hispania ilisaini makubaliano ya Madrid na kuzikabidhi Moroko na Mauritania utawala wa eneo. Wasaharawi hawakuitwa kusaini.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mkakati wote umo ndani ya wiki hizo nne. Chukua hukumu, soma nusu yake. Tanguliza raia, jeshi lifuate kwa nyuma. Baraza likikukemea, pokea kemeo kwa heshima na endelea kupanda. Yote yaliyofuata ni marudio, yakiwa na bajeti kubwa zaidi.

Mauritania ilichoka na vita dhidi ya Polisario, chama cha Wasaharawi kinachopigania uhuru, ikajiondoa mwaka 1979. Moroko ikachukua na sehemu yake. Kati ya mwaka 1980 na 1987 ikajenga ukuta wa mchanga na mawe, kipande kwa kipande, kila kipande kikisogea mbele ya kilichotangulia, mpaka ukafikia kilomita zipatazo 2,700. Dar es Salaam hadi Mwanza, urudi, na bado una safari. Umezungukwa na mabomu ya ardhini na unalindwa na askari usiku na mchana. Upande wa baharini, takriban asilimia 80 ya eneo, uko mikononi mwa Moroko pamoja na miji, samaki na fosfeti. Polisario wamebaki na ukanda wa jangwa, na watu wao wengi wako kambini karibu na Tindouf, ndani ya Aljeria. Kambi hizo wamezipa majina ya miji waliyoikimbia: El Aaiún, Smara, Auserd, Boujdour, Dakhla. Dakhla yenyewe ni mji wa pwani, umeingia ndani ya Atlantiki kama kidole. Mtoto wa kambi ya Dakhla akiulizwa kwao wapi hutaja mji wa bahari, na bahari hajawahi kuiona.

Waheshimiwa, mnaweza kuniambia kwamba hayo ni mambo ya Waarabu wa kaskazini, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu mwanzoni sisi tulikuwa barazani, tena tulikalia viti vya mbele.

Juni 1981 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, walikutana Nairobi. Hapo ndipo Mfalme Hassan alikubali, mbele ya wenzake, kwamba ifanyike kura ya maoni. Alikubali Nairobi, wala si New York. Tanzania ilikuwa imekwisha kuitambua Jamhuri ya Wasaharawi, iliyotangazwa na Polisario, tangu mwaka 1978. Novemba 1984, katika mkutano wa Addis Ababa ambao Mwalimu Nyerere alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa OAU, Wasaharawi waliketi kwenye kiti chao na Moroko ikatoka. Ilipoteza kiti cha Afrika kwa zaidi ya miaka 30. Mpango wa kusitisha vita na kupiga kura ulipokamilika, ulikuwa mpango wa taasisi mbili, Umoja wa Mataifa na OAU. Katibu Mkuu wa OAU wakati huo alikuwa Salim Ahmed Salim. Bunduki zilinyamaza tarehe 6 Septemba 1991. Kura ilitakiwa ifanyike mwanzoni mwa mwaka 1992.

Hapa naomba niwape picha moja, kwa sababu ndiyo iliyonishika zaidi, na labda kwa kuwa inafanana mno na kazi yangu ya zamani.

Swali lilikuwa: nani apige kura? Hispania ilikuwa imehesabu watu mwaka 1974 ikapata takriban 74,000, tena watu wa kuhamahama, ambao nasaba yao ndiyo anwani yao. Basi MINURSO ikaweka vituo. Mwombaji anaingia, anakaa. Mbele yake wamekaa masheikh wawili wa ukoo anaodai ni wake, mmoja aliyeletwa na Moroko, mwingine wa Polisario. Pembeni yuko ofisa wa Umoja wa Mataifa na mwangalizi wa OAU. Mwombaji anaulizwa: baba yako nani? Babu yako nani? Mlikuwa mnachota maji kisima kipi? Sheikh mmoja anasema namfahamu, ni mtoto wa fulani. Mwingine anasema simjui, huyu kaletwa na lori. Anayeandika anaandika. Anaitwa mwingine. Kazi hiyo ilifanyika kwa miaka, ikasimama, ikaanza tena. Moroko ilileta makumi ya maelfu ya waombaji kutoka ndani ya Moroko yenyewe, wa makabila ambayo hata mezani yalizua ugomvi wa miezi. Mwanzoni mwa mwaka 2000 orodha ilipokamilika, waombaji wapatao 198,000 walikuwa wamehojiwa, na waliokubaliwa walizidi 86,000 kidogo.

Kazi ngumu, lakini ilikwisha. Majina yalikuwepo. Rufaa zilizofuata zilizidi 130,000, nyingi za wale waliokataliwa upande wa Moroko, kila moja ikihitaji sheikh wake, meza yake na karani wake. Shauri likaahirishwa. Mimi nilipofika hapo katika kusoma nilifunga kitabu, nikatoka nje kidogo. Niliwahi kuona mtu akileta mashahidi 40 kwa kiwanja cha futi hamsini kwa mia, na wote walikuwa binamu zake.

Kilichofuata nitakipitia haraka maana mnakijua kuliko mimi. James Baker, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alileta mpango mwaka 2003: utawala wa ndani kwa miaka michache, halafu kura, na wapigaji wawemo hata Wamoroko waliohamia eneo hilo. Mpango uliipendelea Moroko kwa hesabu ya vichwa. Polisario, kwa mshangao wa wengi, walikubali. Moroko ilikataa, kwa sababu kwenye karatasi ya kura kulikuwa na neno uhuru. Mwaka uliofuata Baker alijiuzulu. Mwaka 2007 Moroko ikaleta mpango wake, kurasa chache tu, ambamo uhuru haupo kabisa.

Hapo ndipo swali lilipobadilishwa. Zamani swali lilikuwa: Wasaharawi wanataka nini? Sasa limekuwa: Moroko inaweza kukubali nini? Aliyefanikiwa kubadilisha swali hana haja ya kushinda kesi.

Na taasisi za kimataifa zilifanya nini? Nasema kwa masikitiko, zilimlindia mwembe. MINURSO kirefu chake kwa Kifaransa kinabeba neno kura ya maoni. Ile herufi R ndiyo hiyo. Ujumbe umekaa pale tangu mwaka 1991 ukilinda utulivu ambao ulikuwa wa kusubiria kura, na kura haikuja, utulivu ukabaki. Utulivu huo ndio uliojenga bandari, hoteli na barabara. Ni miongoni mwa misheni chache za Umoja wa Mataifa zisizo na jukumu la kufuatilia haki za binadamu. Mwaka 2013 Marekani ilipendekeza jukumu hilo liongezwe. Moroko ikafuta mazoezi ya kijeshi ya pamoja, na pendekezo likarudi mfukoni. Mwaka 2016 Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alitembelea kambi, akatumia neno kukaliwa, yaani kutwaliwa kwa mabavu. Neno moja. Moroko ikawafukuza makumi ya wafanyakazi wa kiraia wa MINURSO, pamoja na maofisa wa Umoja wa Afrika. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba palikuwa na kutoelewana. Tangu hapo sijasikia Katibu Mkuu akilitamka.

Niwe mkweli kwa upande wa pili, maana barazani tulikuwa tunaapa kusikiliza wote. Moroko imeweka fedha nyingi katika miji ya Sahara. Wapo Wasaharawi wanaoishi humo, wanafanya biashara, wengine ni wabunge Rabat. Polisario nao si malaika: kiongozi mmoja, Mohamed Abdelaziz, aliongoza tangu mwaka 1976 hadi alipofariki mwaka 2016, na kambini hakuna nafasi kubwa ya kumpinga mkubwa. Aljeria ina masilahi yake, na imekuwa ikikwepa sensa ya wakimbizi iliyoombwa na Umoja wa Mataifa. Novemba 2020 Polisario walitangaza kwamba usitishaji vita umekufa, baada ya askari wa Moroko kuingia Guerguerat, karibu na mpaka wa Mauritania, na tangu hapo watu wanakufa kwa droni huku dunia ikiangalia pengine. Vilevile utawala wa ndani si neno baya. Sisi wenyewe tuna Zanzibar, tunajua ugumu na uzuri wa mipango ya aina hiyo. Kama Wasaharawi wataukubali utawala wa ndani kwa kura, mimi nani wa kukataa? Ninachouliza ni hicho tu: kwa kura. Kama mpango ni mzuri kiasi kinachosemwa, unaogopa nini kwenye sanduku?

Sasa nije kwenu, waheshimiwa, maana barua ni yenu.

Moroko iligundua kwamba kiti kikiwa wazi Afrika, adui ndiye anayesikika. Ikaamua kurudi. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI alipita kwetu: Rwanda, kisha Dar es Salaam, ambako mikataba zaidi ya 20 ilisainiwa na uwanja wa mpira ukaahidiwa. Januari 2017 nchi 39 ziliunga mkono Moroko iingie Umoja wa Afrika. Wengi tulifurahi. Tulisema mgomvi akiingia ndani ya nyumba atazungumza. Lakini alipoingia, cha kwanza kilichonyamaza ni nyumba. Julai 2018, Nouakchott, Mauritania, wakuu wa nchi waliamua kwamba suala ni la Umoja wa Mataifa, na kwamba Afrika itasaidia tu kupitia kamati ndogo ya viongozi wachache, na lisijadiliwe Addis ila katika ngazi ya wakuu wa nchi. Mtu aliyekuwa mwenye kesi pamoja na Umoja wa Mataifa akajishusha kuwa karani wa kusubiri nakala. Machi 2021 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika, Kenya ikiwa mwenyekiti, lilikumbuka kidogo: likaomba ofisi ya Umoja kule El Aaiún ifunguliwe tena. Nauliza, imefunguliwa?

Wakati huohuo miche mipya ilikuwa inapandwa, na safari hii ni sisi tulioshika jembe. Kuanzia Desemba 2019 nchi za Afrika zilianza kufungua balozi ndogo El Aaiún na Dakhla. Komoro ilitangulia. Burundi ikafuata Februari 2020. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafungua Dakhla mwishoni mwa mwaka huo. Naomba waziri wa Burundi na wa Kongo wanisaidie: raia wetu wangapi wanaishi El Aaiún na Dakhla wanaohitaji pasipoti na vyeti vya kuzaliwa? Ubalozi mdogo wa aina hiyo hauhudumii raia. Unahudumia picha. Bendera inapandishwa, picha inapigwa, na picha inawekwa kwenye jalada kama ushahidi kwamba Afrika yenyewe imekubali. Na Kongo, ambayo kila siku inailalamikia dunia, tena kwa haki kabisa, kwamba mipaka yake haiheshimiwi, ilipaswa kuwa ya mwisho kupiga picha hiyo.

Kenya nayo. Septemba 2022, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Ruto aliandika mtandaoni kwamba Kenya imeiondolea utambuzi Jamhuri ya Wasaharawi. Ujumbe ukafutwa, wizara ikaeleza kwamba msimamo haujabadilika. Mei 2025 Kenya ikafungua ubalozi Rabat na kuuita mpango wa Moroko njia pekee ya kuaminika. Sera ya taifa, iliyozaliwa Nairobi mwaka 1981, ilizikwa bila Bunge kuulizwa kwa sauti.

Najua mbolea iko katikati. Wala sikejeli, mimi ni mkulima. Moroko, kwa hesabu zinazojumlisha na Sahara Magharibi, ina takriban asilimia 70 ya akiba ya fosfeti ya dunia, na bei ya mbolea ikipanda tunaijua sisi kabla yenu. Sehemu ya fosfeti hiyo inachimbwa Bou Craa, ndani ya Sahara Magharibi, na inasafiri kwa mkanda wa kilomita 100 hivi kukatisha jangwa mpaka baharini. Wanaanga wameupiga picha kutoka juu, mstari mweupe kwenye mchanga. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwisha sema Oktoba 2024 kwamba mikataba ya Ulaya na Moroko ya samaki na mazao haiwezi kuigusa Sahara bila ridhaa ya watu wake. Polisario waliwashtaki Wazungu katika mahakama ya Wazungu wenyewe. Sisi tuna mahakama yetu, na hukumu yetu tunayo.

Ndiyo. Ipo Arusha. Tarehe 22 Septemba 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu katika shauri la Bernard Mornah dhidi ya nchi nane, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Malawi, Ghana na nyinginezo. Mlalamikaji, Mghana, alisema nchi hizo zilikosea kuiruhusu Moroko kuingia Umoja wa Afrika bila masharti. Nchi zilishinda kwa sehemu hiyo. Mahakama haikuziona na hatia. Lakini majaji hawakuishia hapo. Walisema kuendelea kukaliwa kwa Sahara Magharibi hakupatani na haki ya watu kujiamulia, na kwamba nchi zote za Mkataba wa Afrika zina wajibu wa kutafuta suluhisho la kudumu na kujiepusha na lolote linalotambua ukaliaji huo. Soma tena maneno ya mwisho, halafu fikiria bendera iliyopanda Dakhla.

Sijawahi kumsikia waziri yeyote wa ukanda wetu akiitaja hukumu hii hadharani. Tanzania ndiyo nchi mwenyeji wa mahakama, na mwaka 2019 iliwafungia wananchi wake mlango wa kwenda pale moja kwa moja. Labda ndiyo maana tumesahau njia.

Vijana wetu, kwa bahati, wanalijua suala hili kwa njia ya mpira. Mei 2025 Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane, mkondo wa pili ukapigwa Amaan, Zanzibar, na kombe likaenda Moroko. Nilitazamia kwenye kibanda umiza, tumebanana. Kijana mmoja akasema, hawa ndio wale wa jezi yenye ramani. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 2024, Aljeria iliizuia Berkane na jezi zake zenye ramani ya Moroko iliyomeza Sahara yote, na mechi na USM Alger ikaharibika. Mwenzake akamuuliza, ramani ina kosa gani? Kijana akachora hewani kwa kidole: mstari wa kukata, akasema, hapa pana nchi nyingine wameifuta. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kona ilikuwa inapigwa. Alama ile jezini imeshafanya kazi yake kabla ya azimio lolote: mtu mzima anauliza ramani ina kosa gani.

Kwa hiyo ninaloomba si vita, wala si kuvunja uhusiano na Rabat. Endeleeni kununua mbolea, na wanafunzi wetu waendelee kwenda kusoma Rabat na Casablanca. Ninaomba mambo ya kibaraza tu. Burundi na Kongo zieleze kwa maandishi balozi zao ndogo zinapatanaje na hukumu ya Arusha. Kama hazipatani, zifungwe kimyakimya kama zilivyofunguliwa kwa kelele. Kenya ilete msimamo wake mpya bungeni ujadiliwe mchana. Somalia, ambayo ina kiti cha Baraza la Usalama hadi mwisho wa mwaka 2026, itusomee wenzake sababu za kura yake, na muda wa MINURSO utakapoletwa tena Oktoba ipeleke ombi la zamani ambalo halina gharama: ujumbe huo uruhusiwe kuandika yanayowapata watu, pande zote mbili za ukuta, Tindouf ikiwemo. Tanzania, mrithi wa kiti cha mwaka 1984, iache kusema msimamo wetu haujabadilika huku ikiwa haisemi msimamo wenyewe ni upi.

Na wewe, Mwenyekiti wa Kamisheni: kamati ile ndogo ya viongozi imeripoti mara ngapi, na nani ameisoma ripoti? Orodha ya wapiga kura zaidi ya 86,000 iliandikwa mbele ya waangalizi wa Afrika. Wengi wao wamekwisha kufa. Nakala yetu iko wapi? Iko Addis, kwenye kabati gani, na ufunguo anao nani?

Nikiwa barazani, mtu akituambia mwembe umekuwa mkubwa mno hauwezi kukatwa, mwenyekiti wetu alikuwa na jibu lake. Alikuwa anamwambia karani aandike tarehe ya kupandwa, mwaka na mwezi, halafu ndipo tuendelee. Basi andikeni: Novemba 1975.

Nasubiri majibu yenu, kwa maandishi.

Wenu,
Mjumbe wa zamani wa baraza la ardhi la kata, Tanzania